Nilidhani Yuko na Mama Yake



Maneno haya niliyasema siku ya wazazi katika shule yetu ya msingi hapa Holili, mbele ya wazazi wa pande zote mbili za mpaka. Wanaoandaa jarida hili la kumbukumbu wakaniomba niyaandike, ili na wewe uliyeko Taveta, Voi, Himo au Moshi, na ninyi ndugu zetu wa Busia na Mutukula ambao watoto wenu wako shule nyingine, myasome nyumbani kwa nafasi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema. Mimi ni mwinjilisti, elimu yangu ni cheti cha chuo cha Biblia, si mwalimu wa shule. Lakini ni mzazi. Mtoto wangu wa kwanza alisoma hapa akamaliza, wa pili yuko darasa la tano. Na hili ninalotaka kusema lilianzia nyumbani kwangu, kwa aibu yangu mwenyewe. Kwa hiyo usifikiri nakusema wewe. Najisema mimi kwanza.

Ilikuwa siku ya Jumatano, binti yangu akiwa darasa la tatu. Wote mnajua Jumatano ni siku ya soko Taveta. Mke wangu alivuka asubuhi na mzigo wake wa ndizi. Mimi nilikuwa na mkutano wa injili wa nje upande huohuo wa Taveta, siku ya tatu ya mkutano, na vyombo vilikuwa vimenisumbua tangu jana yake. Tuliagana mlangoni haraka haraka. Hatukuulizana neno moja: leo mtoto anachukuliwa na nani?

Mimi nilidhani mama yake atauza mapema arudi saa nane. Mama yake alidhani nimemwambia mdogo wake, maana siku za mkutano huwa namwambia. Yule shemeji yangu alidhani bodaboda atamleta, kama wiki iliyopita. Kijana wa bodaboda alikuwa ameambiwa asije mpaka aitwe, naye hakuitwa. Mwalimu wa zamu alimwona mtoto amesimama getini na begi lake, akadhani mtu wake yuko njiani. Hesabu mwenyewe, mzazi mwenzangu. Watu watano wazima, na kila mmoja ana amani moyoni kwamba mtoto yuko na mwingine.

Saa tisa na nusu wakatoka. Mtoto akangoja. Wenzake wakaisha mmoja mmoja. Akaona kina mama waliobeba matenga wakipita, akakumbuka mama yake yuko sokoni, akawafuata. Hawakupita kituoni kwenye forodha. Walipita njia ya panya, katikati ya mashamba. Mtoto wa miaka minane, na sare ya shule yetu mwilini, akavuka kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine peke yake, na hakuna aliyejua.

Sokoni hakumwona mama yake, kwa sababu mama yake alishafunga biashara na alikuwa kwenye foleni ya kurudi Holili. Pengine walipishana. Soko likaanza kuvunjika. Mama mmoja wa Kiislamu, muuza nyanya, akamwona mtoto anazunguka anafuta machozi na sweta. Akamwuliza jina, akamwuliza wazazi, akamwuliza namba ya simu. Namba mtoto haijui. Kwenye daftari haikuandikwa. Kwenye begi haikuandikwa. Yule mama akamnunulia maandazi, akafunga meza yake, akamshika mkono wampeleke kwa mzee wa mtaa. Wakiwa njiani wakasikia spika za mkutano. Mtoto akasimama akasema, huyo anayeongea ni baba.

Mimi niko jukwaani. Nimewaita wenye shida waje mbele waombewe. Giza linaanza kuingia. Naona mama mwenye buibui anapenya katikati ya watu, amemshika mtoto mkono, na mtoto ana sweta ya kijani. Nikafikiri ameleta mtoto mgonjwa aombewe. Nilipoona ni nani, kipaza sauti kilinitoka mkononi.

Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, huyu ni wako?" Nikasema ni wangu. Akasema, "Amekula maandazi, lakini hajashiba." Nikatoa pesa nimrudishie, akakataa. Akaenda zake.

Kwa masaa matatu binti yangu alikuwa amepotea, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimtafuta. Hilo ndilo lililonivunja. Kupotea kwa mtoto kunaweza kumpata yeyote. Lakini kupotea na kusiwe na anayetafuta! Tena mimi ninayesimama kuhubiri watu wengine.

Usiku ule tulilaumiana sana na mke wangu. Wewe ulisema. Sikusema. Ulitakiwa ujue. Mtoto alikuwa amelala, sisi tukidhani amelala. Akasema kutoka kitandani, "Mimi nilijua mtakuja." Tukanyamaza wote wawili.

Sasa fungua na mimi Luka sura ya 2, kuanzia mstari wa 41. Habari hii tunaijua tangu darasa la Jumapili. Yusufu na Mariamu wamekwenda Yerusalemu kwenye Pasaka na mtoto wa miaka 12. Sikukuu ikaisha, wakaondoka na kundi la watu wao. Wakatembea siku nzima bila kujua kwamba mtoto amebaki nyuma. Walikuwa wazazi wabaya? Hapana. Walikuwa watu wa sala, wametoka kwenye ibada, wanasafiri na ndugu na jamaa wanaoaminiana. Na hapo ndipo shida ilipoingia. Kwa sababu watu ni wengi na wote ni watu wa Mungu, kila mtu akaona lazima mtoto yuko salama na mwingine.

Ndugu yangu, sisi leo tunasherehekea ushirika wetu. Kundi limekuwa kubwa, linavuka mipaka, na tunamshukuru Mungu. Lakini angalia hatari ya kundi kubwa. Mzazi anadhani shule ya Kikristo inamlea mtoto. Mwalimu anadhani nyumbani kuna maombi. Mchungaji anadhani mwalimu wa Sunday school anamfuatilia. Mwalimu wa Sunday school anadhani mtoto ana baba. Na mtoto anatembea peke yake njia ya panya.

Tazama mambo matatu waliyofanya wazazi wale walipogundua. Moja, walianza kumtafuta kwa jamaa na marafiki, hawakuona aibu kuuliza. Mbili, waligeuza safari. Walikuwa wameshatembea siku nzima kuelekea nyumbani, wakarudi nyuma. Tatu, Mariamu alipompata alisema habari ya baba yake na yeye, kwamba wote wawili walikuwa wakihangaika. Hakusema baba yako amekusahau. Mimi na mke wangu usiku ule hatukuwa tumefika hapo.

Kwa hiyo uongozi wa shule ulipokaa kupanga mambo ya mwaka huu, niliomba nipewe nafasi ya kuyaeleza mimi. Nayaeleza sasa. Kama ni mzazi wa shule yetu, chukua kalamu. Kama mtoto wako yuko shule nyingine, peleka maneno haya kwa mwalimu mkuu wenu.

La kwanza ni kadi ya getini. Kila mtoto ana kadi yenye majina ya watu wawili, watatu mwisho, wanaoruhusiwa kumchukua. Mtu asiye kwenye kadi hapewi mtoto, hata akisema ameokoka, hata akiwa mjomba, hata akiwa ni mimi mwinjilisti. Msimkasirikie mlinzi. Mlinzi akikukatalia mtoto, mshukuru, maana na kesho atamkatalia mtu mbaya. Ikifika saa kumi na mtoto bado yuko getini, mwalimu wa zamu anampeleka ofisini na kupiga simu. Hangoji tena kwa kudhani.

La pili ni namba za simu. Hapa sisi watu wa mpakani tuna shida yetu. Mzazi anaandika namba inayoanza na 07 basi. Sasa 07 iko Tanzania na 07 iko Kenya. Mwalimu akipiga namba yako ya Kenya kwa laini ya Tanzania bila kuweka 254 mbele, anaweza kumpata mtu wa Mwanza ambaye hajui habari za mtoto wako. Andika namba nzima: 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya, 256 kwa ndugu wa Uganda. Na kama una laini mbili, kwa sababu ukivuka unabadilisha, andika zote mbili. Kisha mfundishe mtoto namba moja kwa kichwa. Watoto wanashika nyimbo za kwaya ubeti kwa ubeti, namba moja haiwezi kuwashinda. Binti yangu sasa anazijua tatu.

La tatu ni kuvuka. Tangu mwaka 2016 tuna kituo cha pamoja cha Holili na Taveta, maofisa wa nchi mbili wako mahali pamoja na mtu anasimama mara moja tu. Tupite pale. Tafadhali sana, mtoto wa shule asipitishwe njia ya panya, wala na mzazi wake. Ukimzoesha leo mkiwa wawili, kesho atapita peke yake, kama wangu alivyofuata kina mama wale. Mwenye mtoto anayevuka kila siku aweke nakala ya cheti cha kuzaliwa shuleni na nyingine nyumbani, na mtoto avuke na mtu mzima anayejulikana.

Na kwa kuwa tuko hapohapo, niseme la Jumatano. Walimu wanasema siku za soko madarasa yanapungua. Mtoto anabakizwa kubeba mzigo au kulinda meza. Mzazi mwenzangu, najua maisha. Mke wangu ni mwuzaji, chakula cha nyumba yangu kimetoka sokoni kuliko kwenye sadaka za mikutano. Sikuhukumu. Lakini hesabu: Jumatano moja kila wiki ni siku moja katika tano. Mtoto huyo amepoteza sehemu ya tano ya mwaka wake, halafu Novemba tunauliza kwa nini ameshika nafasi ya mwisho. Akusaidie Jumamosi, soko lipo Jumamosi pia.

La nne ni bodaboda. Wale vijana ni watoto wetu, wengine wanasali na sisi. Lakini mtoto apandishwe na dereva mmoja unayemjua kwa jina na kwa nyumba yake. Wasipandishwe wanne kwenye pikipiki moja kama magunia ya mkaa. Nimewaona, na ninyi mmewaona, na barabara hii ya Himo ina malori. Kama pesa ya safari haitoshi, tuseme, wazazi wa mtaa mmoja waungane mtu mzima mmoja awe anawasindikiza kwa miguu kwa zamu.

La tano ni ada. Hapa najua kuna kikohozi. Ada ikichelewa, njoo mwenyewe uzungumze na ofisi. Shule imekubali kwamba mtoto hatasimamishwa mbele ya wenzake wala kutumwa nyumbani na barua ya deni mkononi. Deni ni la mkubwa, tutapigiana simu wakubwa. Na wewe kwa upande wako, usimtume mtoto na noti kwenye soksi. Lipa ofisini au kwa simu, chukua risiti. Na usimwambie mtoto, "Mwalimu akiuliza, sema baba kasafiri." Tunamlipia asome shule ya Kikristo, halafu tunamfundisha uongo nyumbani bure.

La sita ni kuhama. Familia zetu zinahama huku na huku. Mfumo wa nchi hizi si mmoja. Kenya shule ya msingi inaishia gredi ya 6, kisha mtoto anaingia shule ya upili ya chini, gredi ya 7 mpaka ya 9. Tanzania tumezoea darasa la saba, lakini sera mpya inaleta miaka sita ya msingi. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio wanaotarajiwa kuishia darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule na wakubwa wao wa darasa la saba. Sasa mzazi ukimtoa mtoto katikati ya mwaka bila barua ya uhamisho, ukampeleka upande wa pili, unaweza kumkuta amerudishwa madarasa mawili au amekosa kusajiliwa mtihani. Njoo uulize kabla hujafunga virago. Na jina la mtoto liwe moja: lililo kwenye cheti cha kuzaliwa liwe ndilo lililo shuleni. Jina jipya alilopewa siku ya kuombewa ni zuri, lakini kwenye mtihani linamletea taabu.

La saba ndilo zito, na naomba usiliruke.

Mtoto akikuambia kuna mtu anamsumbua, anamshika vibaya, anamwambia afiche siri, msikilize. Usimpige. Usiseme, "Mtumishi wa Mungu hawezi kufanya hivyo." Hapa ndipo kudhani kunakoua. Tunadhani kwa kuwa shule ni yetu, kanisa ni letu, na mtu huyo anaomba kwa nguvu, basi mtoto yuko salama. Katika shule hii sasa hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Si mwalimu, si dereva, si mchungaji, na mimi nimo. Ushauri na maombi ya mtoto hufanyika mahali watu wanaona.

Na likitokea jambo, halimaliziwi kwenye kikao cha wazee. Nasema nikiwa mzee kati ya wazee. Kumwombea mtu atubu ni kazi yetu. Kumficha si kazi yetu. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Kenya kuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Huku nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, kule nenda polisi au kwa afisa wa watoto. Na kuna namba ya kupiga bure, 116, ni hiyohiyo Tanzania, Kenya na Uganda. Iandike kwenye mlango wa chumba cha watoto.

Naona umechoka kuandika. Namalizia na la nyumbani.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inapoagiza watoto wafundishwe Neno, inaagiza lifanyike wapi? Mkiwa mmekaa nyumbani, mkiwa mnatembea njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Agizo hilo lilipewa mzazi. Sisi shuleni tuna mtoto kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kulala na kuamka kwake kuko kwako. Kwa hiyo kila jioni fungua daftari lake, hata kama hukusoma. Uliza, leo mmefanya nini, nani amekuonea, nani umemwonea wewe. Weka sahihi. Omba naye, dakika chache tu. Watumishi wenzangu tunaokesha kuombea mataifa, tusikose usiku wa kumwombea aliyelala chumba cha pili.

Nyumbani kwangu sasa tuna utaratibu mmoja mdogo. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajatoka mlangoni, mmoja wetu anauliza, "Leo nani anamchukua?" Na lazima mtu ajibu, "Mimi." Wakati mwingine ni mke wangu, wakati mwingine ni mimi, wakati mwingine shemeji anapigiwa simu palepale aseme mwenyewe. Siku ambayo hakuna wa kusema mimi, mkutano unaanza kwa kuchelewa. Imeshatokea mara mbili. Watu walingoja jua la Taveta, na mchungaji mwenyeji hakufurahi. Nilimweleza, akaelewa.

Yule mama muuza nyanya nilimtafuta Jumatano iliyofuata, tukaenda na mke wangu na binti yetu. Mpaka leo tunanunua nyanya kwake. Hajawahi kuingia kanisani kwetu, na sijui kama ataingia. Lakini siku ile, kati ya watu wote wa Mungu waliokuwa pande zote mbili za mpaka, ni yeye aliyemwuliza mtoto wangu, wewe ni wa nani?

Nami nakuuliza wewe unayesoma, ukiwa umekaa na jarida hili mkononi: mtoto wako sasa hivi yuko wapi, na yuko na nani? Usijibu haraka. Kama jibu lako linaanza na "nadhani", weka jarida chini, piga simu kwanza. Utamalizia kusoma baadaye.

Mungu awalinde watoto wetu wa pande zote za mpaka, na atupe sisi wakubwa macho ya kuwaona. Amina.